Gari Limeanza Kula Mafuta

SWALI: Ndugu Fundi, gari langu dogo la petroli, lenye injini ya sisi (cc) 1,300, lilikuwa likienda kilomita 15 kwa lita moja, na sasa haliendi zaidi ya 11. Nimebadilisha plagi na chujio la hewa bila nafuu. Tatizo ni nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole, ndugu msomaji. Kabla hujanunua kifaa kingine, pima upya: jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, endesha kama kilomita 300, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile na ugawe kilomita kwa lita zilizoingia, kwa maana mshale wa mafuta hudanganya mno. Upepo wa matairi upimwe asubuhi, yakiwa baridi.

Ukirudi safarini, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo inang'ang'ania, na injini inaikokota mchana kutwa.

Ninachokishuku zaidi ni thamostati, yaani kilango kinachozuia maji ya kupozea yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mshale wa joto ukichelewa kupanda, au ukishuka mara uingiapo barabara kuu, thamostati imekwama wazi. Injini haipati joto lake, na kompyuta ya gari, ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, huendelea kuizidishia petroli. Mshale ukiwa sawa, omba sensa ya oksijeni, ile ya kwenye bomba la moshi inayoijulisha kompyuta kama petroli imezidi au imepungua, ipimwe kwa mashine, wala usikubali ibadilishwe kwa kukisia.