Kikoa kidogo kifungue ukurasa wa menyu

SWALI: Nina mkahawa Mji wa Kale, Mombasa. Menyu iko mfano.co.ke/menyu, nami nataka kadi za mezani ziandikwe menyu.mfano.co.ke. Nikiweka "mfano.co.ke/menyu" kwenye rekodi ya CNAME (inayoelekeza jina moja kwa jina jingine), inakataa. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu, DNS, yaani mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP (namba za seva), haijui kurasa. Inajua majina na anwani za IP basi; chochote kinachofuata mkwaju (/) ni kazi ya seva. Kwa hiyo DNS imfikishe mteja kwenye seva, kisha seva impeleke kwenye menyu.

Ongeza rekodi ya A (inayounganisha jina na anwani ya IP): jina "menyu", thamani IP ya seva ya tovuti yako. TTL, muda wa rekodi kukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, weka sekunde 300, yaani dakika tano, hadi mambo yatulie. Kama kikoa ulikinunua kwingine na tovuti iko kwingine, rekodi iongezwe pale nameserver zako (seva zinazotunza rekodi za kikoa) zinapoelekea. Ukiiweka upande ule mwingine, hakuna atakayeiona.

Kisha ndani ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) unda kikoa hicho kidogo, yaani menyu.mfano.co.ke, na ukipe folda yake, isiwe public_html, folda ya tovuti kuu. Vikitumia folda moja, hata ukurasa wa mwanzo wa mkahawa utakimbilia menyu. Ndani ya folda mpya weka faili la .htaccess (maelekezo kwa seva ya Apache) lenye mstari huu mmoja:

RedirectMatch 302 ^/$ https://mfano.co.ke/menyu/

Alama ya $ usiisahau. Bila hiyo kila ombi litaelekezwa, pamoja na lile la /.well-known/ linalotumika kuhakiki cheti cha SSL (cheti cha usalama cha https), na cheti kinaweza kukwama. (Seva ya nginx, programu nyingine ya seva, haisomi .htaccess, hapo mwombe anayeisimamia akuwekee.)

Nashauri 302 (uelekezaji wa muda), si 301 (wa kudumu). Kivinjari huikumbuka 301, kwa hiyo ukitaka mwezi wa Ramadhani kadi zilezile zifungue menyu ya futari, simu za wateja wa zamani zitaendelea kwenda kulekule.

Wengi hukwama kwenye cheti. Kivinjari hukagua cheti kabla ya kupokea maelekezo yoyote, na cheti cha mfano.co.ke na www hakilihusu jina la menyu. Endesha AutoSSL, zana ya cPanel ya kutoa vyeti, baada ya DNS kuitika, la sivyo mteja atakutana na onyo jekundu badala ya bei ya biriani.

Kabla ya kuchapisha kadi, jaribu kwa simu yenye data, nje ya Wi-Fi ya mkahawa, au kwa kompyuta:

curl -I https://menyu.mfano.co.ke

Jibu lioneshe 302, na mstari wa Location uwe na anwani ya menyu.