Supachaja inayolegea ikipata moto

SWALI: Fundi, nimefunga puli ndogo kwenye supachaja ya V8 yangu. Nikikanyaga mara ya kwanza gari linaruka. Mara ya tatu limelegea kabisa. Ninunue supachaja kubwa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, pesa zibaki mfukoni kwanza. Puli ndogo huizungusha supachaja, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, kwa kasi zaidi, na hewa ikigandamizwa zaidi hupata moto. Kompyuta ya injini ikiona joto hilo huchelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani yake. Nguvu yako inapotelea hapo.

Kama intakula yako, kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja, ni ya maji, anza na pampu yake ya umeme. Ikichoka, hata rejeta kubwa haikufai kitu. Toa pia hewa iliyonaswa kwenye mipira ya maji. Wengi huruka hatua hii halafu wanalaumu vipuri. Hapo ndipo ufunge rejeta kubwa ya intakula, mbele kabisa inapopigwa na upepo, pamoja na tangi kubwa. Glikoli, dawa ya kuzuia maji yasigande, usizidishe, maji hubeba joto vizuri zaidi, ila penye baridi ya kugandisha huna budi.

Soma joto la hewa inayoingia kila unapobadilisha kitu. Likikawia kushuka ukiwa mwendoni na pampu ni nzima, rejeta bado ni ndogo.