Kambi, makazi, koloni, ng'ambo: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Nafundisha jiografia Kasulu. Cabinda ni ya Angola, lakini imekatwa na Kongo. Kwa Kiswahili tuiiteje? Wanafunzi wameandika "koloni".

Koloni siyo, mwalimu. Koloni ni nchi inayotawaliwa na wageni. Cabinda ni mkoa wa Angola yenyewe, ila katikati imepita Kongo na mdomo wa mto wake. Mkato huo ni wa mapatano ya Wazungu ya 1885, pale Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilipopewa ukanda wa kufikia bahari. Neno moja lililozoeleka hatuna, na mimi sioni haja ya kulibuni kwa haraka: "kipande cha Angola kilichotengana na nchi yake" mtoto ataelewa. Alaska ni hivyo hivyo kwa Marekani, na Kaliningrad kwa Urusi. Lesotho msiitie humo. Hiyo ni nchi kamili, imezungukwa tu na Afrika Kusini.

Marehemu baba alikuwa kuli bandarini Kigoma, akipataja mahali "kwa Wabelgiji". Lilikuwa koloni lao? (Mzee, Bangwe)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, palikuwa pa kupanga. Mwaka 1921 Uingereza iliwapangisha Wabelgiji viwanja Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo ivuke ziwa, ipande treni, ifike baharini. Pakaitwa Belbase. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake milele. Faranga moja! Tulipopata uhuru, serikali ya Nyerere ilikataa kuurithi mkataba huo: Uingereza ilikuwa msimamizi wa muda tu, ingetoaje cha milele? Hoja hiyo kila mpangaji wa Mwanga, hapo Kigoma mjini, anaijua. Chumba ulichopanga huwezi kumpa mwenzio kiwe chake milele.

Nimezaliwa Ulyankulu. Nikienda Tabora mjini naambiwa "wewe wa kambini". Ni sahihi?

Si sahihi, mwanangu, na inauma. Kambi ni mahali pa kukaa kwa muda: hema, foleni ya mgao, kuomba ruhusa ya kutoka. Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa waliokimbia Kongo, ni kambi, ingawa wapo waliozaa na kuzika humo. Ulyankulu ni habari nyingine. Ilianzishwa baada ya mauaji ya Burundi ya 1972, na waliofika walipewa mashamba walime. Ndiyo maana iliitwa "makazi", sawa na Katumba na Mishamo. Kisha mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo. Mwenye cheti hicho si mkimbizi tena, na asiitwe hivyo sokoni wala ofisini. Lisikilize neno lenyewe: ndani ya "mkimbizi" kuna kukimbia. Wewe uliyezaliwa hapo, ukapalilia tumbaku hapo, ulimkimbia nani? Akikuuliza mtu tena, mjibu: "Natoka Ulyankulu, wilaya ya Kaliua."

Mlowezi na mhamiaji wana tofauti gani?

Mhamiaji amehama. Mlowezi amelowea, yaani amekuja akanata. Lakini neno hilo limeshabeba Wazungu wa mashamba ya Kenya na Rhodesia, kwa hiyo jirani yako aliyetoka Uvira, kule Kongo, usimwite hivyo.

"Ng'ambo" na "ughaibuni" si kitu kimoja? (Msomaji, kata ya Ng'ambo, Tabora)

Ng'ambo lazima pawe na kitu cha kuvuka: mto, bonde, ziwa, hata reli. Simama ufukweni Ujiji jioni isiyo na ukungu, milima ya Kongo unaiona kabisa. Mama anayeanua dagaa hapo atakwambia mumewe "kaenda ng'ambo", maana yake yuko Kalemie, na wiki ijayo atarudi na vitenge. Ughaibuni hakuonekani. Neno limetoka kwenye "ghaibu", kutokuwepo. Mama huyo huyo mwanawe yuko Kanada mwaka wa tisa. Wanaonana kwenye simu, usiku, mtandao ukikubali, na mjukuu anamwamkia kwa Kiingereza.