Usiache ibada kwa sababu umeanguka

Ndugu yangu, unauliza kama uache kanisa kwa kuwa kila ukitubu ulevi unaurudia, na unajiona mnafiki. Mnafiki haumii hivyo. Paulo, mtume kabisa, anakiri katika Warumi 7 kwamba baya asilolipenda ndilo analolitenda. Ila usipigane peke yako! Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana dhambi na kuombeana. Mtafute mtu aliyekomaa kiimani, mwenye kifua, umweleze yote bila kupunguza. Huduma unaweza kupumzika kidogo mkikubaliana na mchungaji, ibada usikose. Mwili ukitetemeka ukikosa pombe, mwone daktari pia, wala hiyo si imani haba. Na wale marafiki wa kunywa nao, kwa sasa usiwapokelee simu jioni.