Re: Sponji za polishi zinabanduka velkro nikiziosha

Mkuu, umesema sponji zako za mashine ya kupolishi gari zinabanduka velkro (ule mgongo unaonata kwenye mashine) ukiziloweka usiku kucha kwenye maji ya moto; nahisi shida ni hayo maji ya moto na huko kuloweka, ile gundi inayoshika velkro haipendi joto kabisa na ikikaa majini muda mrefu inalegea. We ukimaliza tu kazi osha hapohapo kabla polishi haijakauka ndani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo inatosha, unaminya kwa kiganja mpaka yale maji meupe yaishe, usikamue kwa kusokota kama nguo, sponji itachanika. Kama kuna kompaundi (ile polishi yenye chembe za kukwangua) imegandia kwenye uso wa sponji isugue na brashi laini taratibu.

Kukausha sasa, wengi ndo wanaharibu hapa. Minya kwa taulo kavu, kisha laza uso wa sponji chini velkro juu, ili maji yashuke mbali na gundi, weka kwenye waya au kitu chenye matundu hewa ipite, kivulini. Juani hapana aisee! Na usizifungie kwenye mfuko zikiwa na unyevu, zitaota ukungu. Ila sponji ya kompaundi kali usiichanganye na ya polishi ya kumalizia, chembe zikibaki zitachora rangi ya gari.