Barua kwa Mwanangu: Siku Moja Singapore

Mwanangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako tumeusoma pamoja na mama yako. Umeuliza kama ni busara kutoka nje ya uwanja wa ndege wa Changi ukiwa njiani kwenda Melbourne, kwa kuwa ndege yako itatua saa 2 asubuhi na ya pili haiondoki hadi saa 5 na nusu usiku, nawe huna mwenzako, fedha zako ni za kuhesabu, na unahofia kushinda na njaa kwa kutojua chakula kipi ni halali. Jibu langu ni kwamba utoke. Nilipokuwa baharia, Singapore ndiyo bandari niliyoshuka bila wasiwasi wa chakula wala wa usalama, na kwa dola 30 za huko, ambazo ni kama shilingi 3,000 zetu, utakula vizuri, utaswali msikitini na kurudi uwanjani ukiwa na chenji.

Kwanza mambo ya mlangoni. Pasipoti ya Kenya haihitaji viza kwa ziara fupi, lakini ni lazima ujaze kadi ya kuwasili kwa njia ya mtandao ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Kadi hiyo ni bure, kwa hiyo tovuti yoyote itakayokudai malipo si ya serikali, nawe uiache. Chukua pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hudaiwa kadi hiyo. Usiingie na bazoka za kutafuna wala sigara za umeme, na usikubali kumbebea mtu kifurushi, hata awe jirani wa miaka mingi, kwa sababu nchi ile huwanyonga wanaopatikana na hatia ya kusafirisha dawa za kulevya. Hilo la kifurushi sitaki tulijadili.

Sasa chakula, ambacho ndicho kiini cha swali lako. Waislamu ni sehemu ndogo ya watu wa Singapore, lakini wamelipanga jambo hili kwa namna ambayo sijaiona katika bandari nyingi. Baraza lao la dini, liitwalo MUIS, ndilo lenye mamlaka ya kutoa cheti cha halali, na mtu anayejitangazia halali kwa uongo huvunja sheria ya nchi. Cheti hubandikwa mahali pa wazi, na kina tarehe ya kumalizika. Isome tarehe hiyo kabla ya kuagiza, na usione haya, kwa sababu wenyeji wenyewe hufanya hivyo. Utakutana pia na vibao vinavyosema kwamba hapa hapatumiki nguruwe wala mafuta yake. Kibao hicho si cheti. Kuku wa hapo huenda hakuchinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mchuzi huenda ukawa umetiwa mvinyo. Hata samaki, ambaye kwetu sote tunaofuata madhehebu ya Shafii hana tatizo, huenda akakaangwa katika karai lililotoka kukaanga nyama usiyoijua. Mahali penye shaka, ondoka. Mita chache mbele hutakosa penginepo.

Vyakula vya bei nafuu huuzwa katika kumbi kubwa za wazi zenye vibanda vingi, ambapo kila mpishi ana utaalamu wake, na UNESCO imezitia desturi za kumbi hizo katika orodha yake ya urithi mwaka 2020. Kwa mtu aliye peke yake hakuna mahali bora zaidi, kwa kuwa hakuna anayemshangaa mwanamke anayekula mwenyewe, na kushiriki meza na usiyemjua ni jambo la kila siku. Utaona pakiti ndogo ya tishu imewekwa juu ya meza isiyo na mtu: maana yake ni kwamba pana mwenyewe, ambaye yuko kwenye foleni ya chakula, nawe unaweza kufanya vivyo hivyo badala ya kuacha mkoba wako. Ukimaliza, rudisha sinia mwenyewe, na uangalie rafu, kwa kuwa sinia za vyakula vya halali zina rafu yake, mbali na nyingine.

Usitake kuuona mji wote. Uwanja hutoa ziara ya basi bila malipo kwa abiria wa mpito, lakini kwa saa ulizo nazo ningependa utembee kwa miguu yako. Panda treni hapo hapo uwanjani, ubadilishe Tanah Merah, ushuke Bugis. Utagusisha kadi yako ya benki mlangoni badala ya kukata tiketi, na nauli ni kama dola 2, pamoja na ada ya senti 60 kwa siku kwa kadi za kigeni. Kutoka Bugis ni mwendo mfupi hadi Kampong Glam, mtaa wa zamani wa Wamalei na Waarabu, ambako walikaa wafanyabiashara kutoka Hadhramaut, watu wa ukoo mmoja na wale walioshukia Lamu na Mombasa yetu.

Hapo pana Msikiti wa Sultan, ulioanzishwa mwaka 1824 na kujengwa upya hadi ukakamilika mwaka 1932. Kabla ya kuingia, tazama chini ya kuba la dhahabu: ule mkanda mweusi unaolizunguka umetengenezwa kwa vitako vya chupa za kioo, vilivyotolewa na Waislamu maskini ili wao pia wawe na mchango katika nyumba ya Mungu, si matajiri peke yao. Mimi hupenda jambo hilo kuliko kuba lenyewe. Adhuhuri huingia kama saa 7 mchana, na kwa kuwa wewe ni msafiri una ruhusa ya kupunguza rakaa na kukusanya na alasiri, jambo litakalokuachia mchana mrefu.

Kisha vuka barabara ya North Bridge ukale murtabak kwa Zam Zam, mkahawa uliopo tangu mwaka 1908. Simama kwanza nje umtazame mpishi. Huuvuta unga hadi ukawa mwepesi kama kitambaa cha shela, akautandaza juu ya chuma cha moto, akamwaga nyama ya kusaga, vitunguu na mayai, akakunja pande nne na kuukaanga kwa samli. Wewe uliyelelewa kwa mkate wa mayai utamjua ndugu yake mara moja, ila huu huliwa kwa mchuzi wa bizari. Agiza mdogo kabisa. Unashibisha, na hautafika dola 10. Maji usinunue, ya bomba ni salama, jaza chupa yako.

Jioni, kituo cha pili kutoka Bugis kwa treni ya njia ya Downtown ni Bayfront, penye bustani ya miti mirefu ya chuma, ambayo kuitembelea kwa chini ni bure. Magharibi huingia kama saa 1 na dakika chache karibu mwaka mzima, na saa 2 kasorobo usiku miti hiyo huwashwa taa kwa muziki. Tazama onyesho hilo la kwanza tu, usingoje la pili, kisha panda njia hiyo hiyo hadi Expo na ubadilishe kwenda uwanjani, ili ifikapo saa 3 na nusu uwe tayari ndani.

Kadi yako ya chanjo iko kabatini kwa mama yako. Nitaituma Nairobi kwa basi la kesho asubuhi. Ukiipokea, hakikisha jina lililoandikwa linafanana na la pasipoti, na ukikuta tofauti nipigie siku hiyo hiyo.

Wasalaam,
Baba yako