Barua kwa mwanangu: kwanini namkubali Bruno S.

Neema mwanangu,

Hujambo mama. Meseji yako kuhusu Bruno S., yule aliyeigiza Kaspar kwenye muvi ya Kaspar Hauser, nimeiona, eti "baba huyu jamaa anaongea kama anasoma ubaoni, watu hawaangalii usoni, sasa uigizaji uko wapi?" Haya nisikilize.

Hiyo muvi mwongozaji Mjerumani Werner Herzog aliitoa 1974, inahusu kijana aliyetokea Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1828, inasemekana alikuwa kafungiwa tangu utoto, hata kuongea shida. Kaspar mwenyewe alikuwa na miaka kama 16, Bruno kashavuka 40! Mwingine angetafuta kijana aliyesomea drama, Herzog akamchukua mtu wa mtaani Berlin, anapiga akodiani kwenye nyua za watu, kibaruani anaendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, na zaidi ya miaka 20 ya maisha yake kaimaliza kwenye vituo na hospitali za wagonjwa wa akili, tena kaanzia utotoni, enzi za Hitler, na unajua watu wa aina hiyo wengi walikuwa wanauawa.

Sasa huko kuongea unakokulalamikia. Bruno Kijerumani chake kilikuwa cha mtaani kwao, kwenye muvi ikabidi aongee kile sanifu, ndo maana kila neno analitoa kwa kulitafuta. Na Kaspar si ndo yuko hivyo hivyo? Lugha kaikuta ukubwani. Ungemweka mtu anayetiririka pale ingeharibika yote.

Rudia ule mshumaa. Anapeleka mkono kwenye moto, unamuunguza, hapigi kelele wala hakunji uso, chozi tu linashuka. Halafu pale anapopewa kichanga akishike, analia anamwambia yule mama kwamba yeye katengwa na kila kitu, na huruma yako haombi hata kidogo. Wale waliosomea mara nyingi wanaiomba, unawaona kabisa!

Pale profesa anapomuuliza Kaspar fumbo la mantiki naye anajibu kwa habari za chura, najua ulicheka. Ile hadithi ya msafara wa jangwani anayosimulia Kaspar mimi inaniboa mpaka leo, ila Bruno hahusiki hapo.

Wikiendi tafuta Stroszek ya 1977, hiyo Herzog aliiandika kwa ajili yake kabisa, ile nyumba ya Berlin ilikuwa kwake mwenyewe na vyombo vya muziki vilikuwa vyake. Usiangalie na mumeo lakini, yule atakoroma kabla wahusika hawajafika Marekani.

Baba yako